Kizimba na Kicheko: Tunachokikumbuka katika Vioja Mahakamani na Warithi Wake

1. Utangulizi

Mzee Ojwang wa Vitimbi alipofariki mnamo Julai 2015, na Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa Shirandula, alipofariki mnamo Julai 2020, Wakenya wengi waliomboleza kana kwamba wamefiwa na jirani wa mlango wa pili. Fauka ya maombolezo hayo, ilizuka hamu kubwa ya vipindi vya kale. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani husambazwa leo kwa simu na hutazamwa YouTube hata na vijana waliozaliwa baada ya Sauti ya Kenya kubadilishwa jina na kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mnamo 1989. Kauli isikikayo mara kwa mara ni kwamba vichekesho vya siku hizi havichekeshi, na kwamba vile vya zamani virudishwe.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo. Svetlana Boym, katika kitabu chake cha The Future of Nostalgia (2001), anapambanua aina mbili za hamu ya kale: ile inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, na ile inayosimama juu ya magofu yake na kutafakari. Wanaotaka vipindi virudishwe wamo katika aina ya kwanza. Lakini huwezi kuijenga upya nyumba bila kujua ni nguzo zipi zilizoishikilia. Swali letu basi ni hili: katika vipindi vile, ni kitu gani hasa tunachokikumbuka?

Jibu jepesi ni lafudhi. Muulize mtazamaji yeyote akueleze Vioja Mahakamani, naye ataanza kwa kumwiga Ondiek Nyuka Kwota au Makokha. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba jibu hilo linakosea. Lafudhi ilikuwa chombo tu. Kilichokipa chombo hicho nguvu ni kizimba, yaani hali ya kidrama ambamo mtu wa chini, kwa Kiswahili chake mwenyewe, alilazimika kusikilizwa.

2. Mahakama iliyosema Kiswahili

Umbo la Vioja Mahakamani linajulikana. Yupo hakimu, yupo kiongozi wa mashtaka, wapo mashahidi, na yupo mshtakiwa ambaye aghalabu kosa lake ni dogo: kuku wa jirani, deni lisilolipwa, ugomvi wa kilabuni. Kesi husomwa, ushahidi hutolewa, mshtakiwa hujitetea, kisha hukumu hutolewa. Umbo hili halibadiliki, na kutobadilika huko ndiko kunakompa msanii uhuru wa kucheza.

Jambo ambalo wahakiki hawajalizingatia vya kutosha ni lugha ya mahakama hiyo. Hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili kinachokaribia usanifu, naye mshtakiwa husema Kiswahili cha kwao. Kwa hiyo mgongano wa sheria na raia huwa pia mgongano wa Kiswahili na Kiswahili. Bakhtin angesema kwamba hapa sauti nyingi za jamii zimekutanishwa katika lugha moja, na hakuna iliyonyamazishwa. Hakimu anaweza kumkaripia mshtakiwa au kumwamuru arudie aliyoyasema, lakini hawezi kuendelea na kesi kabla ya kumwelewa.

Linganisha hali hiyo na mahakama halisi. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ile ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tena inampa mshtakiwa haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Hata hivyo, aghalabu kumbukumbu za kesi huandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya mtu aliye kizimbani hupita kinywani mwa mkalimani, yakaingia katika maandishi yakiwa yamevuliwa nguo zake. Akikata rufani, rufani hiyo itasikizwa kwa kuyategemea maandishi ambayo huenda yeye mwenyewe hawezi kuyasoma.

Twaweza kusema basi kwamba Vioja Mahakamani haikuiga mahakama ya Kenya. Iliibuni mahakama ambayo Kenya haikuwa nayo, ambamo mwizi wa kuku alihojiwa, alijitetea na alihukumiwa kwa lugha aliyoisikia kwa masikio yake. Ikiwa leo tunaionea hamu, basi tunakionea hamu kitu ambacho hatujapata kukimiliki nje ya kioo cha televisheni.

3. Lafudhi kama sanaa ya kusikiliza

Hapana budi kukubali kwamba vipindi hivyo havikuwa safi. Mshtakiwa alichekwa kwa kosa lake, na alichekwa pia kwa kabila lake. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya lafudhi iliyosikilizwa na lafudhi iliyovaliwa.

Mfano bora wa ile ya kwanza ni Mzee Ojwang mwenyewe. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu kwa kuzaliwa, naye kwa miaka mingi aliigiza mzee wa Kijaluo hata watazamaji wengi wakamdhania kuwa Mjaluo. Haitoshi kueleza kwamba aligeuza sh kuwa s. Mtu yeyote aweza kufanya hivyo. Wanjau aliuchukua mwendo mzima wa sentensi: mahali pa kusita, mahali pa kupandisha sauti, namna ya kukasirika kwa hadhi. Lafudhi yake ilikuwa na sheria ndani yake kwa sababu aliipata kwa kusikiliza.

Ili kuonyesha maana ya sheria hizo, tutazame lafudhi iliyo karibu nasi hapa Kakamega. Lahaja za Kiluhya hazifanani katika jambo hili, kwa hiyo tutaitumia Lubukusu peke yake. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna b, d na g havipatikani isipokuwa baada ya nazali. Sauti inayoandikwa b mahali pengine ni kikwamizo cha midomo. Ndiyo maana msemaji wa Lubukusu anayejifunza Kiswahili huweza kusema kari kwa gari, tawa kwa dawa na pei kwa bei. Lakini penye nazali hana taabu yoyote, maana mb, nd na ng ni sauti za lugha yake ya mama. Atasema nduku kwa ndugu: g imegeuka, nd imesimama. Atasema kunia la mahindi kwa gunia la mahindi. Kamwe hatasema mahinti.

Huu ni utaratibu wa kifonolojia, na hauhusiani na uzito wa ulimi wala uchache wa akili. Nao unatupa kipimo rahisi cha kuhakiki uigizaji. Mwigizaji anayesema mahindi amemsikiliza Mbukusu. Yule anayesema mahinti amesikiliza kichekesho kuhusu Wabukusu.

4. Mrithi mwenye sare ndani ya begi

Papa Shirandula, iliyoanza kuonyeshwa katika Citizen mnamo 2007 na ambayo haikuendelea baada ya kifo cha Bukeko, ndiyo mrithi mkubwa kuliko wote. Mhusika wake mkuu ni Mluhya anayefanya kazi ya ulinzi jijini Nairobi. Anatoka nyumbani amevaa suti ili mkewe, Wilbroda, aamini kwamba ana kazi ya ofisini. Afikapo kazini huvaa sare ya bawabu.

Huu ni mgogoro wa kitabaka wa kweli. Mtu anaonea haya kazi inayomlisha, na haya hiyo imepandwa na jamii inayoheshimu suti kuliko jasho. Hata jina lina uzito, kwani katika baadhi ya lahaja zetu papa ndilo neno lenyewe la baba, wala si kosa la matamshi. Bukeko aliuelewa mgogoro huo, na mabega yake yalibadilika alipobadilisha nguo.

Ila mrithi huyu aliachwa bila kizimba. Shirandula hasimami mbele ya yeyote anayelazimika kumsikiliza. Mkewe hadanganyiki sana, mwajiri wake humfokea, wenzake humcheka. Siri yake haipati siku ya kutetewa. Kwa sababu hiyo, kile ambacho mtazamaji aliondoka nacho sebuleni kilikuwa lafudhi, si haya.

Nasema hivi nikiwa shahidi. Nilikulia karibu na Khayega, ambako Vioja Mahakamani tuliitazama kwa jirani, katika televisheni ndogo ya Greatwall isiyo na rangi iliyotumia betri ya gari. Watu wazima waliketi, sisi watoto tulisimama dirishani. Makokha alipojitetea, wazee wale walicheka, lakini pia walibishana: je, hukumu ni ya haki? Huyu si aliuliza swali zuri? Betri ilipoisha nguvu kabla ya hukumu, waliendelea kuihukumu kesi wenyewe gizani.

Miaka michache baadaye nilikuwa katika shule ya bweni mbali na nyumbani. Papa Shirandula ilikuwa imeanza kuvuma. Nilisimama katika mdahalo wa Kiswahili na kusema pila shaka. Sauti kutoka nyuma ikaita, "Papa!" Ukumbi mzima ukacheka. Sikumaliza hoja yangu, wala sikusimama tena katika mdahalo wowote hadi nilipomaliza shule. Sikilaumu kipindi kwa hilo, wala msanii aliyeiigiza sehemu yake kwa ustadi. Nasema tu kwamba Makokha nilimwona akichekwa na akiendelea kusema, kwa kuwa hakimu alikuwa akimngojea; mimi hapakuwa na wa kuningojea.

5. Jaribio la kuibuni upya

Hivi karibuni niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika na kuigiza upya kesi moja kwa mtindo wa Vioja Mahakamani, kesi itokee Kakamega ya leo. Kundi moja lilichagua wizi wa gunia la mahindi. Mshtakiwa aliigizwa na kijana mzawa wa Kimilili, ambaye Lubukusu ndiyo lugha yake ya nyumbani.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, hakimu wao alisema Kiingereza. Nilipouliza kwa nini, walijibu kwamba ndivyo mahakama zilivyo. La pili, kijana yule alisema kunia la mahinti. Katika mazungumzo yake ya kawaida hutamka gunia vizuri, na mahindi vizuri zaidi. Ilimbidi ajifunze kutoka kwenye televisheni jinsi ya kuwa Mbukusu, akajifunza Mbukusu asiyekuwepo. Bergson, katika Le Rire (1900), aliona kwamba tunacheka pale umashine unapojibandika juu ya kitu kilicho hai. Mahinti ni umashine huo: kila kipasuo ghuna kimebadilishwa bila kuuliza kimekaa wapi.

Tuliirudia kesi kwa masharti mawili. Hakimu aseme Kiswahili, na asitoe hukumu kabla ya kurudia kwa maneno yake hoja ya mshtakiwa, naye mshtakiwa akubali kwamba ameeleweka. Kijana aambiwe aseme kama babu yake. Kicheko hakikupungua, kilihama. Mara ya kwanza darasa lilikuwa limecheka kila alipofungua kinywa. Mara hii lilicheka alipomuuliza shahidi aliyedai kuyatambua mahindi yake gizani ni punje ipi aliyoitambua kwanza. Babu yake angeliuliza swali hilo. Tena lilikuwa swali ambalo hakimu hakuweza kulipuuza.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba lafudhi katika vipindi vya kale haikusimama peke yake. Ilitegemea usikivu wa msanii na ilitegemea umbo la kidrama lililomlazimisha mwenye mamlaka asikilize. Anayetaka kuvibuni upya vipindi hivyo kwa kurudisha lafudhi peke yake atarudisha sehemu ile iliyotuumiza, na kuiacha ile iliyotulea.

Kwa upande wetu sisi walimu wa Kiswahili, kuna kazi isiyongoja watayarishaji. Uhakiki hauwezi kusimama juu ya kumbukumbu za sebuleni, unahitaji matini. Vipindi vya Vioja Mahakamani na Vitimbi vinavyopatikana vinukuliwe kwa maandishi, lafudhi na yote, kwa alama za kifonetiki pale inapobidi, wakati wangalipo watazamaji wa kwanza wanaoweza kutueleza walicheka wapi na walibishana wapi. Darasa langu limeanza na kesi tatu. Kijana wa Kimilili ndiye anayenukuu maneno ya Makokha, na tayari ameanza kuweka alama kila penye nazali.