Sanaa ya Kuchagua Risasi

Katika Goma, mji ambao vita vimewafundisha wakazi wake kuitambua bunduki kwa mlio wake, si rahisi kuisifu risasi; hata hivyo ipo elimu ya risasi isiyo ya vita, nayo ni ya mwindaji anayepima, kabla hajaingia porini, ni ipi kati ya risasi zinazokaribiana itakayomwangusha mnyama papo hapo bila kumtesa. Nyanda za Rwindi, kaskazini mwa mji, wanakolisha nyamera na swala wa Uganda, zimo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji na sasa huitwa Virunga, ambamo uwindaji ni marufuku; elimu hiyo inasifiwa hapa kama elimu tu.

Risasi kamili ni ganda la chuma au shaba lililojazwa baruti, lenye fataki kitakoni, yaani kiwashio kinachogongwa na pini ya bunduki, na kichwa kinachoruka nje ya mtutu. Wawindaji wa ayala, mnyama wa Ulaya na Marekani anayeangusha pembe zake kila mwaka, hubishana bila kuchoka juu ya risasi tatu za ukoo mmoja: ile ya .308 (kipenyo kwa inchi) iliyotolewa mwaka 1952, ya .243 iliyotokana nayo mwaka 1955, na ya milimita 7 iliyofuata mwaka 1980. Ganda lao ni lile lile, isipokuwa shingo imebanwa ili kukaza kichwa chembamba zaidi. Kichwa cha .243 kina uzito wa gramu 6.5 hivi na hupiga teke dogo begani, ilhali cha .308, chenye gramu 10 hivi, hupiga teke kubwa. Lakini katika mita 150 mnyama hatambui ni ipi iliyompata, mradi imepenya nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Teke lenyewe lina uzito kuliko watu wanavyokiri, kwa maana mpigaji anayeliogopa hufumba macho kabla ya kufyatua.

Linalotenganisha risasi njema na mbaya zaidi ya upana ni umbo la kichwa. Kile cha uwindaji huachwa na ncha ya madini laini ya risasi, ambayo ikigonga nyama huchanuka na gamba la shaba linaloifunika hujikunja nyuma kama maganda ya ndizi, hata kipenyo kikakaribia kuwa maradufu. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza kichwa cha namna hiyo vitani kwa sababu ya ukatili wake, na kwa mnyama ndicho chenye huruma, kwa kuwa humuua upesi. Kinyume chake, kichwa cha kijeshi kilichofunikwa kote mara nyingi humpenya swala kikatokea upande wa pili, naye akakimbia na kwenda kufia nyasini mbali, asipatikane na mwindaji.

Lakini kanuni hiyo ina kinyume chake, na mtu aliyeijua vizuri ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu katika eneo la Lado, kando ya Nile, wakati lilipokuwa mikononi mwa Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kabla ya mfalme huyo kufa mwaka 1909. Wenzake walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Yeye alitegemea zaidi risasi ya Mauser ya milimita 7, iliyobuniwa mwaka 1892 kwa askari, ikiwa na kichwa kirefu, chembamba na kilichofunikwa kote, kinachonyooka ndani ya mfupa pasipo kuchanuka. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulivyolala, kisha akajizoeza kuulenga kutoka kila upande. Idadi yake, zaidi ya ndovu 1,000, haifai kusifiwa leo. Kinachofaa ni sababu yake ya kuacha risasi nyingine aliyoipenda, ya .318, si kwa udhaifu wa nguvu, bali kwa kuwa baruti yake iliwahi kukataa kuwaka, na risasi isiyowaka haina maana mbele ya ndovu, hata kipenyo chake kiwe kizuri namna gani.