Slaki Ajasta kwenye Mteremko wa Machame

Lango la Machame, kwenye Mlima Kilimanjaro, lipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; Moshi mjini ni kama nusu ya hapo. Lori lililoshehena mbao au ndizi huteremka kutwa katikati ya vihamba mpaka lifike barabara kuu ya Arusha, na huko nako kuna mteremko wa Kikafu. Watu husifu injini. Sifa zangu nazipeleka nyuma ya gurudumu, kwenye kipande cha chuma kilichojaa grisi na vumbi: slaki ajasta inayojirekebisha yenyewe.

Dereva akikanyaga breki, upepo huingia kwenye chemba na kusukuma fimbo. Fimbo husukuma mkono wa ajasta, mkono huzungusha shafti, na ncha ya shafti, yenye umbo la herufi S, hutanua viatu vya breki mpaka lainingi ishike dramu. Lainingi ikilika, nafasi huongezeka na fimbo hulazimika kwenda mbali zaidi. Kwenye chemba ya kawaida ya saizi 30, mwendo wote wa fimbo ni milimita 64 hivi, na ikipita 51 breki inahitaji kushughulikiwa, kwa kuwa karibu na mwisho nguvu hupungua vibaya. Halafu mlima nao unaongeza lake: dramu ikipata moto hutanuka, nafasi inazidi. Ndiyo maana breki inaweza kushika vizuri langoni ikamwangusha dereva huko chini.

Zamani utingo alilala chini ya gari na spana, akakaza gurudumu moja baada ya jingine. Ajasta inayojirekebisha huifanya kazi hiyo yenyewe, na Marekani ililazimisha magari mapya ya breki za upepo yawe nayo kuanzia Oktoba 1994.

Ndani ya ajasta hiyo mna gia yenye umbo la skrubu, ileile iliyokuwa ikizungushwa kwa spana. Kilichoongezwa ni mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli, usiosogea, ili mwendo wa mkono mkubwa upimwe dhidi yake. Lakini si kila mwendo ni nafasi iliyozidi! Viatu vikishagusa dramu, chuma chenyewe hujipinda kidogo kwa nguvu ya upepo. Kama chombo kingehesabu na mwendo huo, kingekaza mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Katika ajasta zinazopima nafasi, viatu vinapogusa tu, mzigo unapanda ghafla, skrubu inasukuma springi nzito, na klachi ndogo inaachia. Kinachofuata hakihesabiwi. Breki inapoachiwa, klachi inashika tena na kurekebisha ile ziada, tena kidogo tu kila mara, ili joto la mteremko mmoja lisiipotoshe sana. Naona huo ni ufundi wa hali ya juu: kujua cha kutohesabu.

Kwa hiyo, wewe mwenye lori, ukiona fimbo inatoka mbali kupita kiasi, usiridhike na fundi anayeikaza kwa spana na kukuruhusu uondoke. Huenda bushi ya shafti imelika, au pini imechakaa, au mkono mdogo umelegea, au ajasta yenyewe imekufa. Kukaza kunaficha ubovu kwa siku chache tu. Mwambie atafute chanzo kabla gari halijapanda tena Machame.