Mchanga wa Archimedes

Kitabu kidogo cha Archimedes wa Syracuse, ambacho kwa lugha yetu twaweza kukiita "Mhesabu Mchanga", kina umri wa miaka zaidi ya 2,200. Mwandishi amwambia Mfalme Gelon ya kuwa wako watu wasemao mchanga hauna mwisho. Na wengine husema unao, ila halijapatikana jina la hesabu kubwa ya kuutosha. Hao wote awapinga.

Wayunani walikuwa na jina la elfu kumi, na juu yake hawakuwa na jina jingine. (Sisi tuna laki, iliyotufikia kutoka Bara Hindi, na milioni kutoka Ulaya.) Basi akaanza na kitu kidogo. Punje 10,000 za mchanga hazizidi mbegu moja ya mmea wa afyuni. Mbegu 40 zikipangwa safu hufikia upana wa kidole. Toka kidole akaenda hata dunia, na toka dunia hata mbingu ya nyota, kama Aristarchus alivyoikadiria. Akaujaza ulimwengu wote mchanga, na hesabu yake haikupita 1 yenye sifuri 63. Sehemu hii ni nzuri mno, kwa kuwa hakuna hatua ambayo msomaji hawezi kuikanyaga.

Lakini hakukoma hapo. Alitunga majina hata akafika namba ambayo kwa maandishi yetu ni 1 yenye sifuri 80,000,000,000,000,000. Mtu akiandika sifuri moja kila sekunde, mchana na usiku, atahitaji miaka zaidi ya 2,500,000,000 kuzimaliza. Mchanga umekwisha, ulimwengu umejaa, na namba zingali zaendelea. Zahesabu nini? Hapo naona upungufu wa kitabu: kimetaja tu. Asemaye kwamba shamba lake lafika upeo wa macho hajalilima bado.

Alexander Yessenin-Volpin, Mrusi aliyefariki mwaka 2016, aliona shaka hiyo. Mtaalamu mwenziwe, Harvey Friedman, alimwuliza kama 2 ipo. Akajibu mara moja kuwa ipo. Akamwuliza juu ya 4, akakawia kidogo. Juu ya 8, akakawia zaidi. Mwulizaji akatambua kwamba kwa kuzidisha mara mbili hivyo hawatafika mbali. Wako walicheka jibu hili. Mimi naliona lina haki kuliko majina ya Archimedes, maana laitoza kila namba gharama yake.

Hata hivyo siwezi kumfuata mpaka mwisho. Ile namba ya Archimedes, ijapokuwa hakuna atakayeiandika, najua yakini ya kuwa yagawanyika kwa 5, na ikigawanywa kwa 3 hubaki 1, kwa kuwa jumla ya tarakimu zake ni 1. Mwanafunzi akisema hubaki 2, amekosa, nami nitamtilia alama ya kosa. Kama namba ile haipo, amekosa juu ya nini?