Upana Wenye Kipimo

Ardhi ya Lagangabilili haimvumilii aliyekosea gurudumu. Kwenye miinuko kuna luseni, mchanga mwepesi unaomeza tairi jembamba wakati wa kiangazi. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka jua likiwaka na kunata kama ulimbo mvua ikinyesha. Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Watu wake wanaishi kwa pamba, nafaka na ng'ombe, na mazao hayo hayafiki sokoni ila yabebwe. Ndiyo maana mkokoteni wa ng'ombe katika Usukuma hufungwa ekseli ya pikapu chakavu na matairi ya upepo, na mwenye Land Rover ya zamani anajua vyema nini kinabadilika akitoka tairi la 6.00-16 kwenda la 7.50-16. Inchi moja na nusu ya upana yaweza kuamua nani atalala nyumbani na nani atalala porini.

Kazi ya kuongeza upana wa gurudumu hufanywa duniani kote, na wanaoifanya kwa mapenzi makubwa ni wenye magari ya spoti ya zamani. Afrika Mashariki ina gari lake la kuzungumzia katika hili: Datsun 240Z, gari la Kijapani la milango miwili, silinda sita, lita 2.4, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na mpinzani wake Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Watu wakilingana hivyo baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope, huwezi kusema kuna kitu kidogo kwenye gari.

Gari hilo lilitoka kiwandani na rimu za kipenyo cha inchi 14, upana wa inchi 4.5, na matairi ya milimita 175. Kwa macho ya leo ni miguu myembamba kwa mwili ule, na mwenye gari hutamani kuipanua. Hapo ndipo fundi hutofautiana na muuza mapambo, maana penye urembo ndipo penye urimbo.

Wengi huamini kwamba tairi pana hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Kinachoamua eneo hilo, kwa sehemu kubwa, ni uzito na upepo. Gurudumu la 240Z hubeba kilo 260 hivi. Ukilijaza upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, sehemu inayogusa barabara inakaribia sentimita za mraba 130, kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Tairi likiwa pana, kiganja hicho hulala kwa mapana badala ya urefu. Kwenye kona ya lami hilo ni faida, kwa kuwa gari hushika barabara vizuri zaidi linapovutwa kando. Kwenye mchanga, tairi pana lililopunguzwa upepo huelea pale jembamba linapozama. Lakini kwenye tope jepesi lililofunika ardhi ngumu, jembamba hukata hadi chini na kupata mshiko, huku pana likiteleza juu juu. Fundi anayejua haya huanza kwa kumuuliza mteja anapita njia gani.

Baada ya swali huja hesabu, nayo ina uzuri wake. Ukuta wa tairi la zamani la 175 ni takriban asilimia 82 ya upana wake, yaani milimita 143.5. Tairi la 205/70 lina ukuta wa asilimia 70 ya 205, nao pia ni milimita 143.5. Upana umeongezeka kwa milimita 30 na kimo kimebaki kilekile. Spidomita haitadanganya, wala injini haitahisi kwamba gia zimebadilishwa. Asiyepiga hesabu hii atafunga tairi linalovutia macho, kisha ashangae gari limekuwa zito kuondoka au limeshuka chini.

Tairi hilo halikai salama kwenye rimu ya inchi 4.5, rimu ya inchi 6 inalifaa. Basi rimu yenyewe imepanuka kwa milimita 38, na ni lazima zipate mahali pa kukaa. Zikielekezwa ndani, tairi litagusa kikombe cha springi kwenye shokapu. Zikielekezwa nje, litakata ukingo wa madigadi, beringi zitabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyopangiwa, na steringi ya gari hilo, isiyo na pawa, itamchosha dereva. Nissan yenyewe, iliyolitengeneza gari hilo, ilipouza Fairlady 240ZG nchini Japani, iliongezea madigadi kwa nje. Fundi wa njia ya mkato hukimbilia spesa na kuziacha nati zikishika nyuzi chache za studi. Fundi ninayemsifu hutafuta rimu ambayo kitako chake kinagawa upana ule ndani na nje kwa haki, na asipoipata humwambia mteja asubiri.

Akishafunga, hajamaliza. Hupaka chaki kingo za madigadi kwa ndani, hupakia watu wazito, hukata steringi mpaka mwisho kulia na kushoto, hupita kwenye matuta, kisha husoma chaki imefutika wapi. Nati hukaza kwa kuvuka, moja na ile inayoikabili, na huagiza gari lirudi baada ya kilomita mia moja hivi azikaze upya. Kabla ya yote hayo huwa ameinama kusoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi. 2319, kwa mfano, ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka kiasi cha kupasuka likiwa kwenye mwendo.

Ninaiheshimu kazi hii kwa sababu inamfunza mtu kuongeza bila kuharibu kilichokuwapo. Gari la zamani ni mapatano ya watu waliolipima kabla yetu: springi kwa uzito fulani, breki kwa gurudumu fulani, mwili kwa kivuli fulani. Anayelipanua anaingia katika mapatano hayo, na heshima yake ya kwanza ni kupima. Uadilifu huohuo unamtosha fundi wa Lagangabilili anayelinganisha magurudumu mawili ya mkokoteni ili ng'ombe mmoja asivute zaidi ya mwenzake.

Basi wewe mwenye gari, liwe la spoti au pikapu ya kubebea pamba, usimpime fundi kwa mng'aro wa rimu alizozitundika ukutani. Mwangalie kama anashika futi kabla ya kushika spana, na akikuambia upana unaoutaka haulifai gari lako, mlipe kwa ushauri huo. Vijana wanaojifunza ufundi VETA na kwenye gereji za mitaani wafundishwe hesabu ya ukuta wa tairi siku ileile wanayofundishwa kupiga jeki. Upana hununuliwa dukani. Kipimo hutoka kwa fundi, na ndicho kinachostahili malipo makubwa zaidi.