Sensa Iliyosingiziwa

Toyota Noah yenye injini ya 3S-FE ilifikishwa kwa fundi hapa Nyamiaga ikiwa imekwisha kuhukumiwa: sensa ya joto imekufa. Dereva alikuja na mpya mkononi, abadilishiwe tu aondoke. Dalili zilimpa haki ya kuamini hivyo. Petroli iliisha upesi, plagi zilijaa masizi, na moshi ulinuka mafuta hata gari likitoka Biharamulo, mwendo ambao injini ilipaswa kuwa imepata moto zamani.

Fundi hakulifungua boksi la sensa mpya. Alianza kwa kuunganisha pini za uchunguzi, TE1 na E1, ili taa ya injini iseme. Ikipepesa namba 22, maana yake waya wa sensa umekatika au umepiga shoti. Haikutoa namba yoyote. Wengi wangeishia hapo, lakini kompyuta ya gari la rika hilo hunasa waya uliokatika au shoti. Sensa ikidanganya kidogo kidogo haiigundui.

Kwa hiyo akachukua mita. Ukinzani wa sensa hii hushuka maji yanapopanda joto: kwenye nyuzi 20 ni kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 ni kati ya 200 na 400. Injini ikiwa imetoka safari, mita ilisoma kama 800. Hiyo ni sawa na nyuzi 50 hivi, na kompyuta ikisikia nyuzi 50 huendelea kuongeza petroli kana kwamba injini haijapata moto.

Hapa ndipo alipofikiri vizuri. Mshale wa dashibodi nao ulikuwa chini, na katika injini hii mshale una sensa yake ya waya mmoja, mbali na ile ya waya mbili inayoihudumia kompyuta. Mashahidi wawili wasioonana wametoa ushahidi mmoja. Je, wote wamekufa siku moja, au maji ni ya baridi kweli?

Sufuria ya maji, jiko la mkaa na kipimajoto vilimaliza ubishi. Kipimajoto ni lazima, hasa huku kwetu milimani: kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo kukadiria kwa kuona mapovu kunapotosha. Kwenye nyuzi 80 sensa ya zamani ilisoma omu 300 na kidogo. Nzima kabisa.

Basi maji yalikuwa ya baridi kweli. Akafungua nyumba ya thamostati, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi, akaikuta tupu. Gari liliwahi kuchemsha mlimani, mtu akaing'oa thamostati, na tangu hapo maji yakazunguka kwenye rejeta muda wote. Dereva aliona mshale uko chini, akafurahi. Tabia hii inatuharibia injini nyingi: injini isiyofikia joto lake hula mafuta, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda.

Thamostati mpya ya nyuzi 82 haikufungwa siku hiyo hiyo. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu na tope la maji ya mtoni, na ndiyo iliyochemsha gari mwanzoni. Ikafumuliwa na kusafishwa kwanza, kisha thamostati, kisha kulanti badala ya maji matupu. Injini ilipopata moto, mita ilisoma omu 300 kwenye sensa ile ile ya zamani.