Kijivu cha Mvule

Benchi la mvule likikaa nje miaka mingi hupauka likawa la kijivu, na wengi hudhani mbao imekufa. Haijafa. Jua huvunja lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, kisha mvua ikaiosha. Kijivu hicho ni utando mwembamba tu, hata milimita moja hakifiki.

La uani kwetu Mombasa tulilisugua kwa sabuni na brashi ngumu, likakauka siku kadhaa, ndipo likapigwa msasa namba 80 na 120 kwa kufuata uzi wa mbao. Hapo funika pua na mdomo: vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua.

Shida ilikuwa mkono mmoja, tuliouweka upya kwa mbao ya paini. Ulikuwa mweupe kando ya mvule wa kahawia. Tuliloweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku tatu, chupa bila kukazwa kifuniko kwa sababu hutoa gesi. Paini ina tanini kidogo, kwa hiyo kwanza tuliipaka chai ya rangi, nzito, ikakauka. Maji ya chuma yalipoigusa, weupe uligeuka kahawia ya moshi mbele ya macho yetu. Chuma na tanini ndivyo vilivyotengeneza wino wa zamani. Anza na kipande cha mabaki, na uyazimue kwa maji, maana weusi ukishaingia hautoki kirahisi.

Juu yake tulipaka mafuta mabichi ya kitani, membamba, ziada ikafutwa. Yaitwayo ya kuchemsha mara nyingi hutiwa chumvi za metali ili yakauke haraka, tukayaacha. Mafuta ya nazi yapo kila jiko la pwani, lakini hayakauki: hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Ya kitani huvuta oksijeni hewani na kuwa magumu, na yanapofanya hivyo hutoa joto. Tambara lililolowa mafuta hayo na kukunjwa linaweza kushika moto lenyewe! Matambara yetu tuliyaloweka kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.

Kinga hii haidumu kama vanishi. Kila masika inapokaribia tunadondosha maji juu ya benchi: tone likisimama, tunaliacha, likinywewa, chupa ya mafuta inatoka kabatini.