Daftari, Cherehani na Bamvua

Ukisikiliza matangazo ya Jumapili katika usharika wa mjini Mtwara, yanayochukua muda mrefu ni ya vikundi. Kwaya ina mazoezi Jumanne na Alhamisi. Umoja wa Wanawake unakutana Jumatano. Vijana wana mpira, jumuiya zinasali nyumba kwa nyumba, darasa la ushonaji linapokea wanafunzi wapya, wanaotaka kujifunza kinanda wamwone mwalimu wa kwaya, wanaotaka kuoka keki wamwone mama mchungaji. Mgeni akiyasikia hayo husema moyoni kwamba hapa pana uhai. Nasi wachungaji tunapoandika taarifa ya mwaka, huvihesabu vikundi kama mkulima wa Newala anavyohesabu mikorosho yake.

Uhai upo kweli, na makala hii haikuandikwa ili kuvibeza vikundi. Ila kuna swali ambalo fomu ya taarifa haina nafasi ya kulijibu: vikundi hivi vinajenga ushirika wa nani na nani?

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuviogopa. Mwaka 1526, katika dibaji ya Misa ya Kijerumani, Martin Luther aliwaza juu ya watu wanaotaka kuwa Wakristo kwa dhati: wajiandikishe majina, wakutane katika nyumba fulani, wasali, wasome, wapokee Sakramenti, wawasaidie maskini. Akaongeza kwamba watu wa kuanza nao jambo hilo bado hana. Baadaye, katika Makala za Schmalkalden zilizoandaliwa kwa mkutano wa 1537, alipotaja njia ambazo Injili hutufikia, alianza na mahubiri, Ubatizo, Sakramenti ya Altare na mamlaka ya funguo. Kisha akaweka mazungumzo ya ndugu na faraja wanayopeana. Kwa hiyo akina mama wawili wanaofarijiana huku wamekaa kwenye cherehani hawafanyi jambo la pembeni. Injili iko kazini pale.

Aliyelifanya wazo hilo kuwa desturi ni Philipp Jakob Spener. Mwaka 1670 huko Frankfurt alianza kuwakusanya watu nyumbani kwake, na mwaka 1675 akatoa kitabu chake, Pia Desideria, kilichoieneza mikutano ya namna hiyo mbali. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Baadhi ya waliokutana vile walianza kuwaona Wakristo wenzao waliobaki kwenye mabenchi ya kanisa kuwa hawafai, hata wakaacha kushiriki nao Chakula cha Bwana. Spener alilipinga jambo hilo, lakini lilikwisha kutoka nyumbani kwake. Kikundi kilichoanzishwa ili kulihuisha kanisa kikawa mlango wa kutokea.

Tusiende mbali mno, maana kusini kwetu hapa pana somo kubwa. Masasi ilianzishwa na misioni ya Kianglikana ya UMCA mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wameng'olewa makwao wakiwa watoto au vijana, wengine hawakuwa hata na uhakika wa vijiji vyao. Kanisa la kwanza la kusini lilianza kama kijiji cha watu wasio na ndugu. Nusu karne baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alijulikana duniani kwa jambo moja: jando. Wamisionari wengi wa zamani zile walilipiga vita. Lucas aliliingiza ndani ya kanisa. Padri alikuwepo kambini, vijana waliombewa, wakafundishwa imani pamoja na adabu za utu uzima, na yale yaliyoonekana kupingana na Injili yakaondolewa.

Tunaweza kubishana naye juu ya mengi. Alijipa haki ya kupima desturi za watu wengine kwa mizani yake, na alipofika kwenye unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mambo yale yalikuwa mikononi mwa wanawake na mahali pao palikuwa pao. Hata hivyo aliona jambo ambalo mipango yetu mingi ya vikundi hailioni. Mmakonde, Mmakua na Myao hawakungoja kanisa liwaletee kikundi. Walikuwa na shule yao, rika lao, walimu wao na nyimbo zao za kufundishia. Mhubiri aliyewakuta hapo aliwakuta watu wanaojua kabisa kukaa pamoja.

Upande wetu wa Kilutheri jina linalotajwa katika habari hizi ni Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka moja kwa moja mwaka 1938. Wanafunzi wa vyuo vya theolojia humsoma hadi leo. Gutmann aliamini kwamba Mungu amewafunga watu kwa kamba tatu: ukoo, ujirani na rika. Alipojenga usharika wa Old Moshi hakutaka mtu mmoja mmoja aokolewe peke yake kama samaki kwenye ndoano. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya ndugu wa ngao, kwa kufuata desturi ya rika la Wachaga, wachungane katika imani na maisha. Ni wazo zuri, na mpaka leo hatujapata njia bora zaidi ya kuwalea vijana baada ya siku ya kipaimara, siku ambayo kwa wengi imekuwa sherehe ya kuliaga kanisa.

Lakini msome Gutmann ukiwa umekaa Shangani au Mikindani, si Old Moshi, na kasoro yake itakujia haraka. Mfumo wake unamtaka mtu awe kwao. Ukoo uwepo, kihamba kiwepo, jirani awe jirani tangu babu. Hata huko Kilimanjaro kahawa, fedha na shule vilikuwa vimekwisha kuwatawanya vijana wakati yeye akiandika. Je, asiye na ukoo pale? Gutmann hana mengi ya kumwambia.

Nasi ni hao. Kanisa letu la KKKT liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba, na ngome zake za awali hazikuwa pwani hii. Wengi tulio katika sharika za mjini Mtwara tuliletwa na kazi: ualimu, hospitali, bandari, jeshi, benki, biashara, na sasa gesi ya Mnazi Bay. Wanaotuzunguka wengi ni Waislamu, na Wakristo wenyeji wengi ni Wakatoliki na Waanglikana. Mgeni hutafuta mtu wa kwao. Hilo ni jambo la kibinadamu wala si dhambi. Ila tazama linavyoingia katika vikundi. Chama cha kuzikana kinajikuta cha watu wa mkoa mmoja. Jumuiya ya mtaa fulani inasali kwa Kiswahili na kunywa chai kwa Kichaga. Binti wa Kimakonde wa Mahurunga aliyebatizwa mwaka jana anakaa mwisho wa mkeka akicheka wengine wanapocheka. Hakuna aliyemfukuza. Kikundi kinaitwa cha Kristo, na kamba iliyokifunga ni ile ya Gutmann, imesafirishwa kwa basi.

Kuna kamba ya pili, ngumu kuliko hiyo, nayo ni daftari. Kila kikundi kina katiba, kila katiba ina kiingilio, ada ya mwezi, sare na mchango wa dharura. Hatusemi watu wasichange. Tunasema daftari limeshika kiti cha mwenyekiti. Katika pwani hii fedha ina majira yake. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba, na malipo ya chama cha msingi yakifika, hata mtaa wa Mahurunga huvaa kitenge kipya. Njoo Machi, mvua zikiwa nyingi na debe la mahindi limepanda bei, uone nani hafiki kikundini. Daftari halijui Oktoba wala Machi, linajua mwezi.

Tunamjua mama aliyefiwa na mume kijijini, mwanakikundi wa miaka mingi. Kabla ya rambirambi kutoka, mhazini alifungua daftari, akakuta miezi saba haijalipwa. Katiba ilikuwa wazi. Wenzake walikwenda msibani mmoja mmoja, kila mtu na alichonacho, wakiona haya kuvaa sare. Waliokuja na masufuria, wakachota maji na kupika siku tatu ni majirani zake wa Kiislamu, ambao hawakuwa na katiba yoyote. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wanapokutana mmoja ana njaa na mwingine amelewa, hicho wanachokula si chakula cha Bwana (1 Kor 11:20-21). Wakorintho wale hawakuwa wapagani. Walikuwa kikundi chenye ratiba.

Ndiyo maana tunayatazama madarasa ya kazi za mikono kwa jicho la matumaini kuliko vikundi vingi, ingawa kwa masharti. Katika Matendo ya Mitume kuna mji wa pwani kama wetu, Yafa, na mwanamke aitwaye Tabitha, yaani Dorkasi (Mdo 9:36-42). Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Luka hasemi lolote juu ya michango yao. Ushahidi wa ushirika ule ulikuwa miilini mwao, umeshonwa. Naye Paulo huko Korintho alikaa kwa Akila na Priskila kwa sababu walikuwa na ufundi mmoja, kushona mahema (Mdo 18:3). Urafiki uliolibeba kanisa la mwanzo ulianzia kwenye sindano.

Darasa la ufundi lina jambo moja ambalo jumuiya ya daftari haina: linaweza kugeuza viti. Kwenye daftari mhasibu wa bandari yuko juu daima na bibi wa Msimbati yuko chini daima. Mpe kila mmoja miyaa, uwaambie wasuke ukili. Bibi anasuka bila kutazama, vidole vinakwenda vyenyewe huku anasimulia; mhasibu anahangaika, ukili wake umepinda kama mkia wa mbuzi. Hapo bibi anacheka, anamshika mkono, anamwambia, "Mwanangu, usiukaze hivyo." Kwa saa moja aliyezoea kusaidiwa ni mwalimu. Hatujaona mahubiri yanayofanya jambo hilo kwa wepesi huo.

Lakini madarasa mengi tuliyo nayo hayafanyi hivyo. Keki inataka oveni, siagi na umeme. Kinanda kinataka kinanda. Ushonaji unataka mtu awe na cherehani nyumbani au akae akitazama wengine. Walimu ni wale wale wenye vyeti, wanafunzi ni wale wale wenye nafasi, na darasa linakuwa kwaya ya pili ya watu waliokwisha kufahamiana. Ukili, kufinyanga, kutengeneza nyavu, kuchonga, mambo ambayo mwenyeji wa hapa angeyafundisha, hayamo katika orodha. Wamakonde wanajulikana duniani kwa kuchonga, na altare nyingi za pwani hii zinawekewa maua ya plastiki kutoka dukani.

Kuna neno pia juu ya majirani. Darasa la ushonaji likifunguliwa, akina mama wa Kiislamu huja, na hilo ni jema. Wapo watumishi wanaoona hiyo ni nafasi: kabla ya kukata kitambaa, ihubiriwe nusu saa. Tunaona hilo ni kosa. Mwanamke aliyekuja kujifunza kukata gauni asilipishwe kwa masikio yake. Luther alifundisha kwamba kazi ya mikono iliyofanywa vizuri kwa ajili ya jirani ni huduma kamili mbele za Mungu, haihitaji kubandikwa somo ili iwe takatifu. Akiuliza tunaamini nini, aambiwe wazi, bila haya. Asipouliza, afundishwe kukata gauni hadi ajue. Waliopika msibani hawakumdai mjane shahada.

Mwisho ni suala la saa, ambalo laonekana dogo. Madarasa karibu yote hupangwa Jumamosi asubuhi, kwa sababu ndiyo siku ya wafanyakazi wa ofisini. Wanawake wa Msimbati, Msangamkuu na vijiji vinavyoshuka hadi mdomo wa Ruvuma hawaishi kwa juma la ofisi. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi, nao wako huko na vyuma vyao wakichokoa pweza na kuokota chaza. Siku hizo chache ndizo mboga na ndizo ada ya shule. Mama asipofika darasani Jumamosi ya bamvua, mahudhurio yanamwandika mtoro, na akitoroka mara tatu nafasi yake hupewa mwingine.

Kalenda ya usharika hupangwa kabla mwaka haujaanza, na wazee wa kanisa huijadili kwa makini, hasa tarehe za mavuno na harambee. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, kwa mwezi mwandamo na kwa mwezi mpevu. Mvuvi yeyote wa Mikindani anaweza kuzitaja siku zake za mwaka mzima kabla kalenda haijapelekwa kwa mchapaji.